Namba ya Pili ya Faiba: Kasi ya Kupakia na Uamuzi wa Kaya za Singida

Tangazo la intaneti ya nyumbani kwa kawaida hubeba namba moja kubwa: 20, 40 au 100 Mbps, yaani megabiti kwa sekunde. Mteja wa Misuna au Mandewa, mjini Singida, huisoma namba hiyo kama mapatano yote. Analipa, fundi anavuta waya, na wiki ya kwanza filamu zinacheza bila kusita. Kisha mwanafunzi anaingia kwenye kipindi cha mtandaoni na sura yake inaganda, au mpiga picha anamtumia mteja wa Dar es Salaam video ya harusi na kazi inakula mchana kutwa. Hapo huzuka swali ambalo mafundi wamelizoea: nimelipia 20, mbona napata 5?

Mara nyingi muulizaji hajadhulumiwa. Amepewa 20 za kupakua, yaani kuvuta vitu kutoka mtandaoni, na 5 za kupakia, yaani kuvituma. Wapo wanaoshauri namba hiyo ya pili ipuuzwe, wapo wanaosema ndiyo ya kutazamwa kwanza, na wapo wanaoona mjadala wote ni wa bure maadamu umeme unakatika. Kila upande una hoja. Makala hii inazipima kwa macho ya kaya ya Singida inayotaka kuchagua kifurushi.

Usuli: mkongo umefika, waya wa mwisho ndio safari

Hadi 2009 Tanzania ilitegemea zaidi setilaiti kuunganishwa na dunia. Julai mwaka huo mkongo wa baharini wa SEACOM ulianza kazi Dar es Salaam, na EASSy ukafuata 2010. Bara nako, ujenzi wa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ulianza 2009, na Singida ikawa miongoni mwa miji unakopita, kama barabara za Dodoma, Arusha na Mwanza zinavyokutana hapo. Mkongo huo unasimamiwa na Shirika la Mawasiliano Tanzania, TTCL, ambalo pia huuza huduma ya majumbani kwa jina la Faiba Mlangoni Kwako.

Mkongo kupita mjini, hata hivyo, si sawa na faiba kufika sebuleni. Kutoka kwenye mtambo hadi nyumbani kunahitajika nguzo au mitaro, masanduku ya kugawia, na wateja wa kutosha katika mtaa mmoja ili gharama irudi. Kwenye ardhi ya mawe makubwa kama ya Singida, kuchimba ni kazi ya gharama, na waya wa juu ya nguzo huwa njia rahisi zaidi. Kwa hiyo huduma huenea mtaa kwa mtaa, na kaya mbili za kata moja zinaweza kuwa na hali tofauti kabisa. Swali la kwanza kwa mtoa huduma, kabla ya kasi yoyote, ni kama waya umefika kwenye nguzo iliyo karibu na nyumba.

Kwa nini kupakia kulifanywa kudogo

Tofauti ya kasi mbili ilianzia kwenye waya wa shaba. Huduma ya ADSL, iliyopitia laini za simu za mezani, iligawa masafa ya waya mmoja: sehemu kubwa kwa kupakua, sehemu nyembamba kwa kupakia. Toleo la ADSL2+ liliweza kufika 24 Mbps za kupakua na takriban 1 tu ya kupakia. Nafasi ilikuwa haba, na wahandisi wakaipa kazi iliyotumika zaidi wakati ule: kusoma kurasa na kupokea barua pepe.

Faiba haina ufinyu huo. Teknolojia ya GPON, ambayo viwango vyake vilianza kupitishwa na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, mwaka 2003, na inayotumika sana kwa faiba za majumbani duniani, hupitisha karibu gigabiti 2.5 kwa sekunde kushuka na 1.25 kupanda katika uzi mmoja. Splita kisha huugawa uzi huo kwa nyumba 32 au 64. Ukipiga hesabu, nyumba 32 zikituma zote kwa mara moja, kila moja ingebaki na karibu 39 Mbps. Zikiwa 64, karibu 19. Na ni nadra mno nyumba zote kutuma kwa dakika ileile. Mteja aliyewekewa 5 za kupakia, basi, hajabanwa na uzi uliofika mlangoni kwake. Amebanwa na mpangilio wa kifurushi.

Mpangilio huo una sababu tatu. Ya kwanza ni biashara. Watoa huduma huuza pia laini maalumu kwa mabenki, viwanda na ofisi, kwa bei ya juu, na kasi sawa pande zote mbili ni moja ya sifa zinazoitofautisha bidhaa hiyo. Kifurushi cha nyumbani kikitoa kasi hiyo kwa bei nafuu, ofisi ndogo zitahamia huko. Ya pili ni ulinzi wa mtandao. Kwenye GPON nyumba hutuma kwa zamu za sehemu ndogo za sekunde, na kompyuta iliyoshikwa na virusi, au mtu anayewauzia majirani wa mtaa mzima laini ya nyumba moja, anaweza kuwasumbua wengine. Ya tatu ni mazoea: wateja wameulizia kupakua miaka yote, na tangazo hujibu kinachoulizwa.

Husikika pia hoja ya uhaba wa nafasi kwenye njia kuu, nayo ndiyo dhaifu zaidi. Njia kuu za faiba, kama ile ya takriban kilomita 700 kutoka Singida hadi Dar es Salaam, kwa kawaida hujengwa zikiwa na uwezo uleule kwenda na kurudi. Wateja wa majumbani hupakua zaidi kuliko wanavyotuma, hivyo upande wa kupanda hubaki na nafasi tele. Kumwongezea mteja kasi ya kupakia humgharimu mtoa huduma kidogo kuliko kumwongezea ya kupakua. Mnunuzi akilijua hilo, anajua pia mahali pa kuomba nafuu.

Msimamo wa kwanza: nyumbani ni pa kupakua

Wanaotetea vifurushi visivyolingana wana ushahidi wa maisha ya kila siku. Kaya nyingi hutazama mpira, filamu, YouTube na TikTok, na hayo yote ni kupakua. Filamu ya ubora wa HD kwa Netflix huhitaji takriban 5 Mbps, na ya 4K huhitaji 15. Kupokea video hutumia kupakia kidogo sana: kifaa hutuma tu stakabadhi ndogo za kukiri kwamba data imefika, na stakabadhi hizo huwa takriban asilimia 2 hadi 4 ya kasi ya kupakua. Kwa 20 Mbps za kupakua, kupakia kusikofika 1 Mbps kunatosha. Familia yenye televisheni mbili na simu tano, isiyofanya kazi wala masomo mtandaoni, ingelipia bure kasi ya kutuma ambayo haitaigusa.

Msimamo huu una udhaifu mmoja mkubwa: unaihesabu kaya kama watazamaji tu, ilhali simu zenyewe hutuma bila kuagizwa. Video ya dakika 1 ya ubora wa 1080p huchukua megabaiti 60 hadi 130 kutegemea simu. Sherehe ya kipaimara ikirekodiwa na simu nne, gigabaiti kadhaa hupanga foleni kwenda kwenye hifadhi ya mtandaoni mara simu zinapoikuta Wi-Fi ya nyumbani. WhatsApp imepangwa kuhifadhi nakala zake kiotomatiki saa 8 usiku, wakati watu wamelala. Programu za picha hazina adabu hiyo. Na zile stakabadhi ndogo zikikwama nyuma ya foleni ya picha, filamu nayo husita, ingawa kasi ya kupakua iko nzima. Malalamiko mengi ya "intaneti imekuwa nzito" huanzia hapa, na mwenye nyumba humlaumu mtoa huduma kwa kupakua ambako hakuna kasoro.

Msimamo wa pili: pande zote ziwe sawa

Wanaotaka kasi linganifu husema nyumba imekuwa mahali pa kazi. Kwa Singida hoja hiyo ina watu wake halisi. Wapo wanafunzi na wahadhiri wa kampasi ya Taasisi ya Uhasibu Tanzania, makandarasi na wazabuni wanaotuma nyaraka kwenye mfumo wa ununuzi wa umma wa NeST kabla dirisha la zabuni halijafungwa, stesheneri zinazotuma maombi ya wateja, makanisa yanayorusha ibada mubashara, na wenye mashine za kukamua alizeti wanaotaka kuiona ghala yao kupitia kamera wakiwa safarini.

Mahitaji yao yanahesabika. Zoom hupendekeza karibu 2.6 Mbps za kupakia kwa mkutano wa video ya 720p, na 3.8 kwa 1080p. Kurusha ibada mubashara YouTube kwa 720p huhitaji takriban 4, na kwa 1080p karibu 10. Kamera moja ya ulinzi ya 1080p inayotuma picha muda wote kwenda hifadhi ya mtandaoni hula 2 hadi 4. Kwa mafaili makubwa, gigabaiti 1 kwa kasi ya 5 Mbps huchukua takriban dakika 27; kwa 20 Mbps, chini ya dakika 7. Mpiga picha wa harusi mwenye gigabaiti 20 anapambanisha karibu saa 9 na saa 2 na robo. Huyo kasi ya kupakia kwake ni mtaji.

Marekani nayo ilisogea upande huu. Tume yake ya mawasiliano, FCC, ilipandisha kipimo cha intaneti inayostahili kuitwa ya kasi kutoka 25 kupakua na 3 kupakia hadi 100 kwa 20 mnamo Machi 2024. Tazama uwiano: kupakua kuliongezeka mara 4, kupakia karibu mara 7. Lakini hata wao hawakudai usawa. 20 kwa 100 ni moja ya tano.

Hapo ndipo penye udhaifu wa msimamo wa pili. Usawa wenyewe hauna thamani ya pekee. Thamani iko katika kutosha. Mwenye 100 kwa 20 anafanya kila kazi iliyotajwa hapo juu sawa na mwenye 100 kwa 100, isipokuwa kutuma mafaili mazito. Anayelipa zaidi kila mwezi kwa ajili ya neno "linganifu" bila kujua atatuma nini, amenunua sifa ya kujivunia barazani. Isitoshe, baadhi ya mahitaji yana dawa ya bei nafuu: kamera zinazohifadhi picha kwenye mashine iliyomo ndani ya nyumba hutumia kupakia pale tu mwenyewe anapozitazama kutoka mbali.

Msimamo wa tatu: uthabiti kwanza

Kundi la tatu linasema namba zote mbili ni maneno ya karatasi kama huduma inakatika. Kifaa cha faiba cha nyumbani hutumia umeme kidogo, lakini ukikatika nacho kinazimika, hata kama mwanga bado unapita kwenye uzi. Mtambo wa mtoa huduma unahitaji betri zake pia. Waya wa juu ya nguzo unaweza kuangushwa na lori lililosheheni au tawi la mti, na hapo kinachoamua ni fundi anafika lini. Zaidi ya mji, Mei 12, 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, intaneti ya Tanzania iliyumba kwa wenye vifurushi vikubwa na vidogo.

Hoja hii ina nguvu kwa sababu inagusa kile ambacho tangazo halikisemi. Udhaifu wake ni kwamba hutumika kama kisingizio cha kutouliza chochote. Kukatika kwa saa 2 kwa wiki ni kero. Kupakia kusikotosha ni kero ya kila jioni. Pia sehemu ya uthabiti iko mikononi mwa mteja: betri ndogo ya volti 12 inayoweza kuwasha kifaa cha faiba kwa saa kadhaa ni gharama ya mara moja, wakati kifurushi kikubwa ni gharama ya kila mwezi.

Mizani: vifurushi viwili vya bei moja

Tuseme kaya moja imeletewa vifurushi viwili vya bei moja. Cha kwanza ni 40 kupakua na 5 kupakia. Cha pili ni 20 kwa 20. Jioni moja nyumbani kuna televisheni mbili za HD, mtu mmoja kwenye mkutano wa video, kamera mbili zinazotuma picha kwa 2 Mbps kila moja, na simu zinazohifadhi picha.

Upande wa kupakua, televisheni mbili zinataka 10, mkutano 2 hadi 3. Jumla ni kama 13, na vifurushi vyote viwili vinatosha. Upande wa kupakia, kamera zinataka 4 na mkutano 2.6: jumla 6.6 kabla simu hazijaanza. Kifurushi cha 5 kimeshaelemewa, na sauti ya mkutano itakatika. Cha 20 kina nafasi ya kutosha hata kwa picha za simu. Kaya hiyo ichukue cha pili, ingawa tangazo la cha kwanza lina namba kubwa mara mbili.

Ondoa sasa kamera na mkutano, weka televisheni mbili za 4K na kijana anayeshusha michezo ya kompyuta. Mahitaji ya kupakua yanavuka 30, ya kupakia hayafiki 2. Mshindi anageuka kuwa kifurushi cha kwanza.

Mfano huu unaonyesha mahali pa kukata shauri. Katika vifurushi visivyolingana, kupakia ndiko kunakoishiwa kwanza, na kukiisha huvuruga pande zote mbili. Ukiweka 10 Mbps za kupakia zilizo thabiti, kaya ya kawaida inapata mkutano mmoja au miwili, kamera mbili, na akiba kwa ajili ya simu. Chini ya hapo, kila Mbps inayoongezwa inaonekana katika maisha ya nyumbani. Juu ya hapo, faida hupungua haraka kwa asiyetuma mafaili makubwa wala kurusha matangazo mubashara, na fedha hiyo inafaa zaidi kwenye betri, ruta nzuri au laini ya akiba ya simu.

Namna ya kulinganisha kabla ya kusaini

Kwanza, omba namba zote mbili kwa maandishi, pamoja na kikomo cha matumizi: baadhi ya vifurushi "visivyo na kikomo" hushushwa kasi baada ya kiasi fulani. Uliza pia kama kasi inagawanywa na wateja wengine, na muda wa kawaida wa fundi kufika.

Pili, pima kwa jirani ambaye tayari ana huduma hiyohiyo. Pima asubuhi, mchana, na kati ya saa 1 na saa 4 usiku, wakati mtaa mzima uko nyumbani. Kipimo cha usiku ndicho cha kuamini. Tumia kompyuta iliyounganishwa kwa waya. Wi-Fi ya masafa ya 2.4 GHz ikipita kuta mbili za matofali hupunguza kasi kiasi cha kuipaka faiba matope isiyoyastahili.

Tatu, chagua seva ya kupimia kwa makini. Seva iliyoko Dar es Salaam huonyesha njia ya ndani ya nchi. Mikutano na hifadhi nyingi za mtandaoni hukaa kwenye mitambo ya Ulaya au Afrika Kusini. Pima zote mbili. Tazama pia ucheleweshaji wakati kipimo cha kupakia kinaendelea: ukiruka kutoka milisekunde makumi hadi mamia mengi, mazungumzo ya video yatakatika simu zikianza kutuma picha. Ruta zenye uwezo wa kupanga foleni hupunguza tatizo hili bila kubadili kifurushi.

Nne, tofautisha biti na baiti. Baiti 1 ni biti 8, hivyo laini ya 20 Mbps hushusha megabaiti 2.5 kwa sekunde. Asiyejua hilo hudhani ameibiwa sehemu kubwa ya kasi yake.

Kasi ya usiku ikiwa chini ya ahadi siku baada ya siku, weka kumbukumbu za vipimo na ulalamike kwanza kwa mtoa huduma. Asiporidhisha, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, hupokea malalamiko, na ofisi yake ya Kanda ya Kati iko Dodoma. Malalamiko yenye tarehe, saa na namba zote mbili yana uzito kuliko ya "mtandao unasumbua".

Wasio na faiba

Sensa ya 2022 iliuhesabia Mkoa wa Singida zaidi ya watu milioni 2, na wengi wao wako nje ya manispaa. Kwa mkazi wa kijijini huko Mkalama au Itigi, swali la vifurushi viwili vya faiba bado halijafika. Upanuzi wa vijijini umeelekezwa zaidi kwenye minara, kama ile 758 ambayo mikataba yake ilisainiwa Mei 2023. Hata kwenye mnara, kanuni ni ileile. Kupakia huwa dhaifu kuliko kupakua, kwa kuwa simu ina nguvu ndogo ya kutuma kuliko mnara, na umbali huumiza upande wa kutuma kwanza. Ruta yenye antena ya nje iliyoelekezwa mnarani yaweza kuongeza kasi ya kutuma kuliko kuhamia bando la bei ya juu.

Kwa muhtasari

Kila msimamo una kaya yake. Wanaoutetea upakuaji wanawafaa watazamaji, lakini wanasahau kwamba simu hutuma zenyewe. Wanaodai usawa wanawafaa wapiga picha, warushaji wa mubashara na ofisi za nyumbani, lakini wanawauzia wengine kasi isiyotumika. Wanaotanguliza uthabiti wako sahihi kuhusu umeme na mafundi, lakini hoja yao haifuti hesabu. Utaratibu unaofaa ni huu: hesabu unachotuma kabla ya unachopokea, hakikisha kupakia kwa usiku hakushuki chini ya 10 Mbps kama nyumba ina kazi, masomo au kamera, kisha tumia kilichobaki kwenye bajeti kununua uthabiti. Na kwa kuwa upande wa kupanda ndio wenye nafasi zaidi kwenye faiba, mteja anayeomba aongezewe kupakia badala ya kupakua anaomba kitu ambacho mtoa huduma anaweza kukitoa kwa gharama ndogo.